Kapu la Bi Mashavu

Sogeeni niwape ya sokoni kwetu. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku, Bwana Mkwizu, msimamizi wa soko, alijitungia sheria yake: kilichobeba rambo nacho kinachukuliwa. Akamkuta Bi Mashavu, muuza maandazi, ana karambo kamoja ndani ya kapu. Akazoa kapu na maandazi yake.

"Mwanangu, bila kapu nitauzaje?"

"Nipikie pweza wa nazi, nitakurudishia."

Kesho yake Bi Mashavu akamfuata na sufuria ya pweza, mchuzi tele.

"Sufuria nimeazima, baba. Nikumiminie wapi? Kofiani?"

"Bibi, una wazimu?"

"Haya, narudi na pweza wangu nyumbani."

Pweza ananukia, bwana anameza mate. Akachungulia huku na huku, akachomoa rambo kwenye suruali.

"Tia humu, haraka!"

Bi Mashavu akatua sufuria chini.

"Jamani, mmeona ilikotoka?"

"Tumeonaaa!" tukaitikia wanawake wote, tukichomoza nyuma ya magunia ya mkaa.

"Kilichobeba rambo kinachukuliwa. Vua suruali, baba."

Kapu lilirudi kabla mkanda haujafunguliwa. Pweza tulimla wenyewe.