Kifaru Aliyenunua "Ikivunjika"

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana wanyama walikwisha kuanza kupigiana simu, aliishi Bwana Kifaru na mkewe, Mama Kipusa. Kipusa alikuwa binti yao wa pekee. Ameolewa ng'ambo ya milima, na wakati huo alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia.

Mjukuu wa kwanza, wanangu! Kifaru alikuwa hakai akatulia. Akila, mjukuu. Akigaragara matopeni, mjukuu.

"Baba Kipusa," mkewe akamwambia asubuhi moja, "nenda kanunue simu, mtoto akizaliwa na sisi tusikie sauti yake. Gunia hili la viazi ndilo la simu. Na hili la karanga ni la Kipusa, la uji wa uzazi. Mpe Punda pale njia panda, amfikishie kabla hajajifungua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Viazi simu, karanga uzazi. Kwani unaniona mjinga, mke wangu?"

Mama Kipusa hakujibu. Alikuwa mke mwenye adabu.

Basi Kifaru akajitwisha magunia yake, huyooo, tupu tupu tupu, mpaka njia panda kwenye duka la Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Kanyama kadogo hako, ukikaweka juu ya pembe ya Kifaru unaweza kukasahau. Lakini mdomo wake! Mdomo wa Nguchiro ungetosha wanyama watatu na ukabaki.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba. Nataka simu. Na usinizungushe, mimi kwenye biashara siibiwi."

"Nani akuibie wewe, mzee, na pembe hiyo?" Nguchiro akaruka juu ya meza, akashuka na simu inayong'aa. Kifaru akaisogeza karibu na jicho, maana macho yake yalikuwa mabovu, mti na mtu kwake vilifanana. Akaipenda. Gunia la viazi likaingia dukani.

"Na waranti je?" Nguchiro akauliza, kama aliyetaka kusahau.

"Waranti ndiyo nini?"

"Dhamana, mzee. Dhamana ya simu."

"Dhamana? Kwani simu imekamatwa?"

Kifaru akaucheka utani wake mwenyewe hadi vumbi likatimka. Nguchiro naye akacheka. Akacheka sana, akashika mbavu, akafuta machozi, akasema, "Mzee, utaniua!" Na hapo, wanangu, ndipo Kifaru alipokwisha. Muuza duka akikuchekea kuliko utani wako ulivyostahili, angalia gunia lako liko wapi.

"Hebu fikiria," Nguchiro akaendelea, sauti ameilegeza kama yuko msibani. "Kipusa amejifungua. Simu inalia, kriii! Unakwenda kuipokea. Puu! Simu imevunjika. Utamwambia nini Mama Kipusa?"

Jasho likamtoka Kifaru. Alikuwa hajawahi kuliwaza jambo hilo, na sasa hakuweza kuwaza jingine.

"Lakini ukichukua waranti, nakupa neno langu, na wateja wote hawa mashahidi. Simu ikivunjika, napokea hiyo, nakupa nyingine. Sema na mimi: ikivunjika!"

"Ikivunjika!"

"Napewa nyingine!"

"Napewa nyingine!" Kifaru akanguruma, na wateja wakapiga makofi. "Unataka nini kwa waranti hiyo?"

Nguchiro akalitazama gunia la karanga. Alilitazama tu.

Kifaru aliporudi nyumbani, kifua mbele, mkewe akamuuliza, "Karanga zimekwenda?"

"Zimekwenda," akajibu. Na kweli zilikuwa zimekwenda.

Basi wakakaa wakisubiri. Kifaru alilala usingizi mnono siku zile, anakoroma mpaka ndege wanahama mti. Mke akimwambia, "Iangalie hiyo simu, usiikanyage," yeye anasema, "Acha wasiwasi, mama. Ina waranti."

Jioni moja, kriii! Kriii!

"Kipusa!" Mama Kipusa akapiga kelele. "Pokea!"

Kifaru akataka kwanza kuona ni nani anayepiga. Akaisogeza simu karibu. Hakuona. Akaisogeza karibu zaidi.

Kacha!

Ncha ya pembe ikaingia katikati ya kioo. Simu ikalia kidogo, kri, kri, ikanyamaza.

"Usilie, mke wangu," Kifaru akasema, tena anatabasamu. "Imevunjika. Umelisikia neno hilo? Hilo nililinunua."

Kesho yake akafika dukani akipuliza mluzi. "Nguchiro! Nipe nyingine."

"Pole, mzee wangu! Imekuwaje?"

"Nimeisogeza usoni, pembe ikaivunja."

"Aaa!" Nguchiro akajipiga paji la uso. "Hapo umeniumiza. Mzee, sisi tulikubaliana ikivunjika. Hii haikuvunjika. Hii imevunjwa. Umeivunja wewe."

"Tofauti yake nini?"

"Kubwa! Kuvunjika ni shauri la simu. Kuvunja ni shauri lako. Kiswahili ni chetu sote, mzee, sikukitunga mimi."

Kifaru akatoka nje, akalizunguka duka huku anakuna kichwa kwenye nguzo. Mara akapata akili. Wanangu, Kifaru akipata akili, jitengeni. Akarudi ndani.

"Nguchiro, nilikosea. Imevunjika yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa kule. Nikasikia kacha."

Nguchiro akakitazama kioo. Katikati palikuwa na tundu la duara, sawasawa na ncha ya pembe, tena na tope kidogo. Akameza kicheko.

"Kama yenyewe, basi ni ubovu tangu ilikotengenezwa. Hiyo aliyeitengeneza anakurekebishia bure mwaka mzima. Kila mnunuzi anayo haki hiyo hata asiponipa karanga moja. Waranti yangu haihusiki mpaka mwaka huo uishe. Ila atakuuliza tundu hili limetoka wapi."

Kifaru akapiga hesabu za kichwani. Ilikuwa kazi nzito, masikio yakawa yanacheza. "Ngoja. Ikivunjika yenyewe, hunilipi."

"Naam."

"Nikiivunja, hunilipi."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa mimi nilinunua nini?"

"Amani ya moyo, mzee! Hukulala vizuri siku zote hizo?"

Kifaru akafikiri. "Nililala," akakiri.

"Basi!"

Akarudi nyumbani kichwa chini, pembe inalima njia. Akamweleza mkewe yote, na karanga pia. Mama Kipusa hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Baba Kipusa," akasema, machozi yanamlenga, "mtoto wangu atakunywa uji wa neno?"

Kifaru aliona aibu kubwa. Angeweza kwenda kulibomoa lile duka kwa pigo moja. Alifika mpaka mlangoni na nia hiyo kweli, anapumua fuu! fuu! Lakini mle ndani alisikia Nguchiro anamwambia Nyati, kwa sauti ile ile ya msibani, "Na waranti je?"

Kifaru akaingiza kichwa. "Chukua, Nyati! Chukua haraka! Mimi ninayo. Nzuri sana, inaleta usingizi."

"Mzee Kifaru, tafadhali..." Nguchiro akaanza.

"Sibomoi kitu, namsifia mteja bidhaa yako." Akakaa kitako mlangoni, mlango wote ukazibika. "Nyati, sikiliza nilivyo hodari. Mke wangu alinifanya nirudie maneno kama mtoto: viazi simu, karanga uzazi. Nikamuuliza, unaniona mjinga? Akanyamaza! Nami nikadhani ananistahi!"

Nyati akaguna. Kisha akacheka. Pundamilia akasogea, na Nyani akashuka mtini. Kifaru akawasimulia yote: utani wa simu kukamatwa, pembe iliyopokea simu, kioo kilichojivunja chenyewe kikajipaka na tope. Kila aliyefika akataka aanzishiwe upya, na kila mara Kifaru alijifanya mjinga zaidi kidogo.

"Kwani kioo tu ndicho kilichovunjika?" ikauliza sauti kutoka juu. Alikuwa Kigogota, fundi simu, mwenye kibanda chake mtini pale pale. "Mbona ningekuwekea kingine kwa bakuli moja la karanga?"

"Bakuli!" Nyati akaanguka chini kwa kicheko. "Na mwenzetu katoa gunia!"

"Gunia zima," Kifaru akasema kwa majivuno, "na sikuibiwa. Nilitoa mwenyewe!"

Tangu hapo kila mnyama aliyefika dukani alianza kwa kuuliza, "Nguchiro, ikivunjika au ikivunjwa?" Halafu wanacheka, wanaondoka. Hata wa chumvi hakununua. Jua lilipofika utosini, Nguchiro alikuja mlangoni akiliburura gunia la karanga, linamshinda, ameuma meno.

"Chukua gunia lako, mzee, uniachie mlango wangu!"

"Hapana, hapana. Mimi nina amani ya moyo."

"Mzee, nakuomba!"

Basi Kifaru akainuka. Kigogota akachota bakuli lake, ko-ko-ko, kioo kikakaa. Punda akakabidhiwa gunia mbele ya mashahidi, na Mama Kipusa mwenyewe alikuja kuhakikisha.

Jioni ile ile, kriii! Kriii! Mama Kipusa akapokea yeye. Kutoka ng'ambo ya milima kikasikika kilio chembamba, "Nyiii!"

"Ni wa kiume, mama," Kipusa akasema. "Na karanga za baba zimeonekana njiani, zinafika kesho."

Kifaru alilia kwa furaha, bila kuficha. "Lete, lete nimsikie mjukuu wangu!" Akainama aibusu ile sauti.

Kacha!

Mama Kipusa akamtazama mumewe. "Imevunjika?"

Kifaru akaangalia chini. "Haijavunjika, mke wangu. Nimeivunja."

Na kutoka ndani ya nyufa za kioo, sauti ya mtoto ikaendelea, "Nyiii! Nyiii!" Mama Kipusa akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka kutafuta bakuli.

Kwa hiyo, wanangu, kabla hujatoa gunia lako kununua ahadi, uliza kwanza itakufaa siku gani.