Liwali na Safu ya Mbele

Palikuwa na Liwali mmoja katika mji wa Mkwasini, jina lake Mahfudhi bin Sleyum, mtu wa joho zito na shingo nzito zaidi. Barazani alikaa mbele. Harusini alikaa mbele. Kwenye maulidi kahawa haikumiminwa mpaka yeye anywe kwanza. Akaona yote hayo hayatoshi, akatoa amri: siku ya Ijumaa safu ya mbele msikitini ni yake na wenzake wenye majoho, na khatibu asipande mimbari mpaka Liwali awe ameketi.

Watu wakamwendea Sheikh Muhidini, imamu wao, wamuulize kama jambo hilo lafaa. Sheikh huyu alikuwa hodari wa masuala. Ukimuuliza je, kupiga mswaki mchana wa Ramadhani kunafunguza, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Ukimuuliza ya kumeza mate, ya kukata kucha, ya paka aliyekunywa maji ya kutawadha, jibu liko tayari. Lakini alipoulizwa kama Liwali ana haki ya kujiwekea safu nzima ya msikiti, alikohoa, akapangusa miwani, akasema:

"Suala hili lina maelezo."

Maelezo yenyewe hakuyatoa mpaka leo.

Ijumaa ya kwanza ya amri hiyo, Mzee Mshangama alikwenda akakaa mbele kama kawaida yake. Mzee huyu macho yalikuwa yamekwisha, na masikio yalikuwa njiani kuyafuata, ndiyo maana alipenda kukaa karibu na mimbari. Askari wawili wa Liwali wakamshika makwapani, wakamburura mpaka nje kwenye viatu. Kofia yake ikaanguka. Msikiti mzima ukaitazama ile kofia, na hakuna aliyeinuka.

Aliyeinuka mwishowe ni Faki, muuza makaa. Aliiokota, akaikung'uta, akamvisha mzee. Faki alikuwa na ulimi ambao hata mkewe aliuogopa. Lakini siku hiyo alimshika mzee mkono tu, akamrudisha nyumbani.

Ijumaa iliyofuata Faki alioga, akatawadha, akaenda msikitini mapema. Akapita moja kwa moja hadi safu ya mbele, akakaa katikati ya zulia alilotandikiwa Liwali, akakunja miguu. Watu wakajisogeza mbali naye kidogo kidogo, kama wanavyosogea mbali na mti unaokatwa.

Liwali akafika kwa kuchelewa, akapita akiruka shingo za watu waliokaa. Akamkuta Faki.

"Wewe nani?"

"Mja wa Mungu, bwana. Nauza makaa."

"Unajua umekaa mahali pa nani?"

"Nilidhani pa Mungu. Kama amekuuzia, basi mnada ulinipita."

Nyuma mtu akakohoa. Askari wakasogea, lakini Liwali akawazuia kwa mkono. Alitaka kumdhalilisha kwanza, halafu ndipo wambebe.

"Unanuka moshi," akasema.

"Kweli, bwana. Na wewe pia unanuka moshi."

"Huu ni udi, mpumbavu wewe."

"Udi nao ni kuni, bwana. Zako zimetoka mbali, zangu nazikata hapo bondeni."

Kikohozi sasa kikaenea safu tatu.

"Kanzu yako ina masizi," Liwali akasema, sauti imeanza kupanda. "Unaingiaje nyumba ya Mungu na uchafu huo?"

"Nimeifua, masizi yamekataa kutoka. Sheikh wetu huyu hapa. Muulize kama masizi yanatengua udhu."

Liwali akamgeukia Sheikh Muhidini. Sheikh akatamani ardhi ipasuke.

"Hayatengui," akasema kwa sauti ya mbu.

"Ahsante, Sheikh," Faki akasema. "Na kuruka shingo za watu waliotangulia kuketi, je?"

Sheikh akatazama dari. "Suala hilo lina maelezo."

Hapo hata askari mmoja aliuma mdomo asicheke. Liwali akaona mambo yanamharibikia. Akainama, uso kwa uso na muuza makaa.

"Nisikilize vizuri. Paa linalokufunika hapa nimeliezeka mimi. Mji huu wote uko chini yangu. Nikikufunga leo, hakuna wa kuniuliza. Unataka mimi nisujudu, paji langu la uso liguse visigino vya muuza makaa?"

"Sitaki, bwana. Visigino vyenyewe vina nyufa, vitakukwaruza. Njoo tukae sambamba, zulia ni pana."

"Mimi na wewe, bega kwa bega?"

"Ndivyo safu zilivyo."

"Sikai na mtu bega kwa bega. Mahali pangu ni mbele ya watu wote, peke yangu."

"Peke yako kabisa?"

"Kabisa."

"Mbele ya imamu pia?"

Liwali alikuwa amekwisha kupandwa na hasira, na mwenye hasira hapimi neno. "Hata mbele ya imamu," akasema, msikiti mzima ukasikia.

Faki akainuka taratibu. Akalinyoosha lile zulia kwa kiganja, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Basi tumegombana bure, bwana. Mahali hapo papo, na hakuna hata mmoja wetu anayepaonea kijicho. Mbele ya imamu hulazwa mtu siku anaposwaliwa. Wewe tuambie tu ni lini, tuje tukubebe."