Trekta la Mwankalia na Plau Iliyokataa Kuinuka

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ambayo bibi zenu walikuwa wameshaanza kuvaa saa za mkono, palikuwa na kijiji kikiitwa Mwankalia, huko Singida kwenye alizeti. Kijiji kizima kilikuwa na trekta moja, kuukuu, rangi imebabuka, limelima kuliko sisi sote tulioketi hapa, pamoja na wavivu wetu.

Ardhi ya Mwankalia ilikuwa ya aina mbili. Juu, kichanga, unalima mvua inyeshe isinyeshe. Chini, mbuga, udongo mweusi unaoshika maji. Kila kaya ilikuwa na kipande chake mbugani. Kikilimwa kabla ya mvua, kinajaza mtama ghalani. Mvua ikitangulia, trekta likikanyaga linazama hadi tumboni, na mwenye kipande asubiri mwakani. Ndiyo maana kila mwaka walipiga kura nani alimiwe mbugani kwanza, na kila mwaka waligombana.

Mwaka ule hawakupata hata nafasi ya kugombana. Siku ya kuanza, dereva Mkumbo aliwasha trekta. Likanguruma vizuri, likaenda mbele, likarudi nyuma. Akavuta mkono wa kuinulia plau. Plau ikalala pale pale chini. Akavuta tena. Ikalala. Akaongeza moto, akavuta kwa mikono miwili. Ikalala kama mgeni aliyeshiba. Na plau isiyoinuka haina kazi, maana ukifika mwisho wa shamba hugeuki.

Siku nne zikapita hivyo. Wingu likaanza kujijenga upande wa mashariki. Mwenyekiti wa kijiji, Mama Mwanja, mwanamke asiyependa maneno mengi ya watu wengine, akapanda juu ya benchi.

"Kura mwaka huu hakuna. Atakayeifanya plau hii iinuke, kipande chake cha mbugani ndicho cha kwanza. Nimemaliza."

Alidhani atakuwa mtu mmoja. Hapo ndipo alipokosea.

Wa kwanza kuja alikuwa Shango, fundi wa baiskeli na pampu za visima. Alikuta watu wameshashika nyundo na spana, wanataka kuing'oa pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili mpaka plau inyanyuke. "Imekufa hii," wanasema, "ipelekwe mjini."

"Jamani, subirini kidogo," Shango akasema. Akaokota kijiti, ncha moja akaigusisha kwenye pampu, ncha nyingine akaiweka sikioni. Watu wakacheka. Akasikiliza. Wakacheka tena. Akasikiliza tena.

"Inalia," akasema. "Pampu iliyokufa hailii. Hii ni nzima, ila ina kiu. Oili haiifikii. Hebu tuitazame hiyo oili."

Wakafungua nati ya chini. Salaala! Ilitoka oili yenye povu, na ndani yake ute wa njano unaovutika kama mlenda. Hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna ile.

Wa pili kuja alikuwa Zaituni, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Akachovya kidole, akanusa. "Haya ni mafuta ya alizeti," akasema. "Yamepata moto, yameganda."

Maskini Zaituni! Alidhani amesaidia. Watu wote wakamgeukia. "Na mwenye mafuta ya alizeti hapa ni nani kama si wewe? Umetuhujumu!" Huyu anasema afukuzwe kijijini, yule anasema mashine yake ifungwe. Zaituni akawavuta wanawe karibu, machozi yanamtoka.

Wa tatu alikuwa pale pale tangu mwanzo, amekaa kwenye kiti cha trekta. Mkumbo, aliyeliendesha trekta hilo miaka ishirini. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Akashuka.

"Mwacheni. Ni mimi. Mwaka jana oili iliniishia katikati ya shamba. Nikaona aibu kusema trekta limenishinda. Nikachukua kwa Zaituni lita tano za alizeti, nikamwambia ni za harusi ya mpwa wangu, nikazimimina humu."

"Na mimi nikakuongezea nusu lita ya pongezi!" Zaituni akapiga kelele. Hata waliokasirika walicheka.

Mkumbo akaendelea, "Mnaliona hili chujio la nje? Mkisafisha hili peke yake mnajisumbua. Lipo la pili, limefichwa ndani chini ya kiti. Hapa kijijini ninalijua mimi tu."

Wakafungua nati kumi na nne. Kweli, chujio la pili lilikuwepo, limezibwa na ule ute hata mwanga haupiti. Wanaume wakalikimbilia na brashi ya waya. Zaituni akawanyang'anya. "Mtalitoboa! Wavu wake ni laini kama chandarua!" Akachemsha maji ya magadi, kama anavyosafisha machujio ya mashine yake. Akaliloweka, akaliosha. Akaliloweka tena, akaliosha tena. Akalianika, akalisuuza kwa dizeli. Likarudi jeupe.

Wakalirudisha ndani, wakajaza oili halali. Mkumbo akavuta mkono. Plau ikapanda shubiri moja, ikatetemeka, ikaanguka puu! Kijiji kizima kikaguna.

Shango akarudi na kijiti chake. "Sasa inavuta hewa," akasema. Akapaka grisi kwenye kiungo cha kwanza cha bomba ili kuziba hewa, pampu inalia. Cha pili, inalia. Cha tatu, ikanyamaza. Wakakifungua, wakakuta gasketi, ile pete ya kuzibia, imekauka na kupasuka. Ya akiba hakuna. Shango akatazama kiatu chake kipya, ngozi tupu. Akatazama wingu. Akakata ulimi wa kiatu, akauchonga, akauloweka kwenye oili, akaufunga pale.

Mkumbo akavuta mkono.

Ikapanda! Plau ikapita magoti, ikapita kiuno, ikasimama juu imetulia, vumbi la siku nyingi linadondoka. Enyi watu, vigelegele vilivyopigwa siku ile! Waliomtukana Zaituni walimbeba mabegani. Mama Mwanja, yule yule wa "Nimemaliza", alicheza mpaka kilemba kikamtoka. Mashamba ya kichanga sasa yote yatalimwa, na njaa haitaingia Mwankalia mwaka ule.

Lakini upepo ukaleta harufu ya mvua. Mbugani utawahi kulima kipande kimoja tu, basi.

Shango akasema, "Bila kijiti changu pampu ingekuwa mjini saa hizi, na ninyi mmekaa mnaitazama barabara. Na nani ameharibu kiatu chake?"

Zaituni akasema, "Wewe fundi ulisikia kiu, lakini koo lililoziba nimelizibua mimi. Na ni mimi niliyetukanwa mbele ya wanangu kwa kusema kweli."

Mkumbo akasema, "Kosa ni langu, sikatai. Lakini ningenyamaza, mngemfukuza Zaituni, na chujio lingebaki gizani. Ninyi mmetoa kazi. Mimi nimetoa jina langu la miaka ishirini."

Mtu mmoja akadakia, "Kwa hiyo ukichoma nyumba ukaizima tukupe zawadi?"

"Wewe ungesema?" Mkumbo akamuuliza. Yule mtu akakaa.

Tone la kwanza likaangukia boneti, likakauka. Mkumbo akapanda kitini, plau iko juu, injini inanguruma. Akageuka. "Mama mwenyekiti, nielekee kipande cha nani?"

Mama Mwanja akawatazama watu wake, kama ninavyowatazama ninyi sasa. Haya, semeni upesi, mvua haisubiri: wa kijiti, wa magadi, au wa kukiri? Je, nani alistahili?