Mawe ya Waliopona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala? Nataka sauti itoke tumboni. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nawasikia. Watoto sogeeni mbele. Wakubwa kaeni nyuma, lakini msisinzie, maana ngano hii inawahusu nyinyi kuliko hao wadogo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza na kesi kama sisi, palikuwa na bonde lenye nyasi na maji. Pembeni mwa bonde palikuwa na korongo refu, lenye giza. Chini ya korongo aliishi Chui. Aliyeshuka huko hakupanda tena.

Katika bonde hilo aliishi Digidigi na mumewe. Mnamjua Digidigi? Swala mdogo kuliko wote, miguu kama vijiti, mwoga hata wa kivuli chake. Digidigi alizaa watoto wawili. Wa kwanza alikufa kwa homa. Wa pili ndiye aliyebaki, jina lake Tunu.

Homa ile ilikuwa mbaya. Ilishika watoto tu. Mtoto anatetemeka, tetete, tetete. Tumbo linavimba. Macho yanafumba. Wengine walipona, wengine walikufa, na hakuna aliyejua inatoka wapi.

Bondeni humo aliishi pia Bibi Nungu, nungunungu mzee, mchimba mizizi. Mtoto akiugua, Bibi Nungu aliitwa. Ulimsikia kabla hujamwona: chakacha, chakacha, chakacha, miiba yake ikigongana mgongoni. Alitafuna mzizi mchungu, akamlisha mgonjwa, akaenda zake. Hakungoja hata asante.

Basi wanyama wakaanza kunong'ona. Mtoto wa fulani amekufa. Nani alionekana pale? Nungu. Na mtoto wa fulani? Nungu tena. Watoto wakatunga wimbo:

Chakacha kaingia, mtoto kaondoka!
Chakacha kaingia, mtoto kaondoka!

Imbeni na nyinyi. Haya, tena. Basi, inatosha! Mnaona ulivyo mtamu? Ndiyo maana ulienea bonde zima kabla hata mtu mmoja hajauliza kama ni wa kweli.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mnyama akishtakiwa, hakuna aliyeitwa kumtetea. Kila aliyeona ubaya wake alileta jiwe, akaliweka uwanjani. Aliyeona jambo jingine hakuleta kitu, akakaa kimya. Lundo likifika goti la Mzee Nyati, mkuu wa bonde, mshtakiwa anashushwa korongoni kwa Chui. Jiwe likishawekwa haliondolewi. Ndivyo walivyofanya babu zao, na wao waliona ni haki tupu.

Aliyemshtaki Nungu ni Ngiri. Alikuwa amezika mtoto wake karibuni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Na aliyeweka jiwe la kwanza, mnamjua? Ni Digidigi. Naam, yeye mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza alikufa mbele ya Nungu, mzizi ukiwa bado mdomoni. Aliweka jiwe lile kwa uchungu, akarudi kichakani kwake.

Wengine wakaleta yao. Ko! Ko! Ko! Lundo likapanda. Siku ya hukumu ikatangazwa, nayo kesi ilitakiwa kwisha jua likizama.

Asubuhi ya siku hiyo Digidigi aliamka, akasikia kitu ubavuni mwake.

Tetete, tetete.

Alikuwa Tunu. Mwili wake ulikuwa wa moto. Digidigi alimlamba, akamsukuma kwa pua asimame. Tunu hakusimama.

"Mama Tunu," mumewe akasema, "yamekuwa yale yale."

"Nimwite Bibi Nungu," Digidigi akasema. Kisha akaogopa maneno yake mwenyewe.

"Umwite nani? Aje amuue na huyu?"

Digidigi akazunguka kichaka. Moyo mmoja unasema mwite, moyo mwingine unasema thubutu! Akasimama ghafla.

"Baba Tunu, yule wa kwanza alianza kutetemeka lini?"

"Asubuhi, kama leo."

"Na Nungu alikuja lini?"

"Jioni. Si ulimfuata wewe mwenyewe?"

"Alipofika, mtoto alikuwaje?"

Mumewe akatazama chini. "Alikuwa hafungui macho tena."

Miezi yote Digidigi alikuwa akijiambia kwamba Nungu alikuja, na mtoto akaugua. Sasa aliona kwamba alikuwa amelipindua jambo. Mtoto aliugua, ndipo Nungu akaja. Lakini je, mzizi ule ulimsaidia, au ndio uliommaliza? Hilo hakulijua. Kutojua kukamtafuna kuliko hata msiba wenyewe, maana Tunu alikuwa akitetemeka mbele yake, na jua likizama Nungu hatakuwepo tena.

"Kaa naye," akamwambia mumewe. "Mimi naenda barazani."

Uwanja ulikuwa umejaa. Bibi Nungu alisimama ukingoni mwa korongo, mgongo kwenye giza, miiba imelala. Chini kabisa kitu kilikohoa. Kho! Kila mmoja alijua ni nani anayekohoa, na anangoja nini. Lundo lilikuwa limebakiza kidogo tu kufika goti la Mzee Nyati.

"Nani ana jiwe?" Nyati akauliza.

"Mimi!" Ngiri akasema, akaweka. Ko! Watoto wakaimba:

Chakacha kaingia, mtoto kaondoka!

"Mzee Nyati, nina neno," Digidigi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikufika. Akapanda juu ya kichuguu. "Mzee Nyati! Nina neno!"

"Una jiwe?"

"Nataka kuondoa langu."

Uwanja ukacheka. "Jiwe haliondolewi," Nyati akasema. "Unajua hilo."

"Basi nataka kuuliza. Mawe haya ni ya watoto waliokufa Nungu alipokuja. Je, hakuna mtoto aliyepona Nungu alipokuja?"

Wanyama wakatazamana.

"Waliopona wanahusu nini?" Ngiri akafoka. "Hapa tunahesabu ubaya!"

"Nami nasema tunahesabu upande mmoja," Digidigi akajibu. "Swala, mwanao yule anayechezacheza pale hakuugua?"

Swala akababaika. "Aliugua."

"Nani alikuja?"

"Nungu. Lakini alipona, kwa hiyo sikuwa na la kusema."

"Sema sasa. Tafuta jiwe, uweke kando, mbali na lile lundo."

Swala akamtazama Nyati. Nyati akatafuna, akatafuna, akatikisa kichwa kukubali. Swala akaweka jiwe kando. Ko! Kuro akajitokeza, naye mtoto wake alipona. Ko! Nyani akaja akijikuna, ana watoto watatu, wote walipewa mzizi, wote wako juu ya miti wanatupa matunda. Ko! Ko! Ko! Lundo la pili likaanza kupanda.

"Ujinga huu!" Ngiri akapiga kwato chini. "Jua linazama. Mzee, tumalize!"

Hapo sauti ikasikika kutoka kichakani. Ilikuwa ya Tunu, kilio chembamba, hwiii. Digidigi akageuza masikio. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kukimbia huko. Hakukimbia, kwa sababu kama angeondoka, lundo lile lingebaki linasema uongo.

"Bado," akasema. "Kuna watoto walioshikwa na homa na Nungu hakuitwa kabisa. Nao tuwaweke. Waliopona hapa, waliokufa pale."

"Hao tena wanaingiaje?" Nyati akauliza. Alikuwa ameanza kuinamisha kichwa, kama anavyofanya akifikiri.

"Mzee wangu, kama Nungu ndiye muuaji, asikofika watoto wasingekufa. Tutajuaje, tusipotazama?"

Nyati akapumua, puuu, vumbi likaruka. "Wekeni."

Wakaweka. Mawe ya watoto waliopona bila Nungu yakawa machache, lundo dogo la kuruka panya. Mawe ya waliokufa bila Nungu yakaja moja moja, pole pole, maana wazazi hawa hawakuwahi kuulizwa. Pimbi akaja na la kwake akilia. Kanga akaja na la kwake. Hawakuwa na wa kumlaumu, kwa hiyo msiba wao haukuwa na wimbo.

Lundo la nne likapanda. Likapita la pale mwanzo? Bado. Digidigi akalitazama lile, akatazama hili. Yalikuwa yanakaribiana, na lile lililobeba waliopona kwa mzizi lilikuwa limeyazidi yote. Lakini alishuku kuna jiwe moja halijakaa mahali pake, maana hakuna aliyewahi kusema alimwona Nungu akiingia kwa Ngiri.

"Ngiri," akaita kwa upole. "Jirani yangu. Mwanao alipougua, Nungu alikuja kwako?"

"Alipita!" Ngiri akasema. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Chakacha, chakacha, nje ya shimo langu. Na usiku ule mtoto akafa."

"Alipita. Aliingia?"

Ngiri akarudi nyuma hatua moja. Sasa hebu niwakumbushe jinsi Ngiri anavyolala. Huingia shimoni kinyumenyume, matako mbele, uso na pembe zikabaki mlangoni. Akiamua usiingie, huingii.

"Aliingia, Ngiri?"

Bibi Nungu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Nilisimama mlangoni kwake. Nilimwomba."

"Niliogopa," Ngiri akasema. "Mlikuwa mnaimba wimbo ule. Nyote mlikuwa mnaimba. Nikamwelekezea pembe nikamwambia aondoke. Mtoto alikuwa nyuma yangu, nilimsikia akitetemeka mgongoni mwangu mpaka akaacha."

Hakuna aliyekohoa, hata Chui.

Ngiri akasogea kwenye lundo la kwanza. Akanusa jiwe lake, lile aliloliweka mwisho. Akamtazama Nyati.

"Jiwe haliondolewi," Nyati akasema taratibu. Kisha akasema, "Ila lililowekwa pasipo pake linaweza kupelekwa panapostahili. Nasema mimi."

Ngiri akalisukuma kwa pua. Krrr, krrr, krrr, akivuka uwanja mzima mbele ya macho ya wote. Akalifikisha kwenye lundo la waliokufa bila Nungu. Akalala hapo hapo karibu nalo, akalia kwa sauti, mzee mzima.

Nyati akaenda mpaka ukingoni. Akamwambia Bibi Nungu, "Ondoka hapo, Bibi. Tumekukosea."

Nungu hakungoja pole. "Mtoto wa nani anayelia?" akauliza.

"Wangu!" Digidigi akasema, na kabla hajamaliza neno walikuwa wanakimbia, yeye mbele, chakacha chakacha chakacha nyuma.

Tunu alikuwa amefumba macho. Nungu akatafuna mzizi, akamtia kinywani. Mtoto akautema. Akamtia tena. Digidigi akakaa pembeni. Aliogopa bado, nawaambia ukweli. Malundo yale yalimwambia mengi, lakini hayakumwahidi kitu kuhusu mtoto huyu mmoja.

Usiku ukapita. Siku nyingine ikapita. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda. Kisha asubuhi moja Tunu akasimama juu ya vile vijiti vyake, akayumba, akaenda kunyonya.

Digidigi alitoka mbio. Akatafuta jiwe kubwa kuliko yote bondeni, akalisukuma kwa kichwa. Gudugudu, gudugudu. Paji la uso likachubuka, wala hakujali. Njiani akakutana na Bibi Nungu.

"Mama Tunu, unakwenda wapi na jabali hilo?"

"Kwenye lundo lako! Umeniokolea mwanangu. Nataka wote walione kutoka mbali!"

"Labda nimemwokoa," Nungu akasema. "Labda angepona mwenyewe, maana wapo waliopona bila mimi. Watoto wangapi wamepona nyumbani kwako?"

"Mmoja."

"Basi weka jiwe moja, na lisizidi la Ngiri."

Digidigi alikasirika. Furaha yake ilikuwa kubwa, kwa nini jiwe lake liwe dogo? Akaliacha jabali njiani, akaenda uwanjani akinuna. Ngiri alikuwa amekaa palepale, karibu na jiwe lake. Digidigi akalitazama jiwe lile. Lilikuwa dogo. Lingeweza kufichwa chini ya kwato. Na mtoto mzima alikuwa ndani yake.

Hasira ikamwisha. Akatafuta jingine la ukubwa ule ule, akalileta, akalipima kando ya la Ngiri, akaenda kuliweka kwenye lundo la waliopona. Ko. Alipogeuka, Ngiri alikuwa amesogea kidogo, amemwachia nafasi. Digidigi akakaa naye.

Mnataka kuniuliza homa ilitoka wapi? Sijui. Nungu mwenyewe hakujua. Walianza kuitafuta, na tangu siku hiyo kila mshtakiwa alipangiwa malundo manne, hata Fisi, ingawa kwa Fisi walinung'unika sana.

Funzo ni hili, nalo nalisema waziwazi. Ukitaka kujua kama jambo fulani linaleta jambo jingine, usihesabu mara yalipoonekana pamoja tu. Uliza kipi kilianza. Waulize waliopona, waulize na wale ambao hawakufikiwa. Na lile unalotamani liwe kweli, lipe jiwe sawa na mengine.

Ngano yangu imeishia hapo. Atakayeimba ule wimbo njiani akienda kulala, nitamjua.