Jina la Mtoto na Pikapu Lililogoma

Hapo zamani, na sisemi ile zamani ya fisi kuoa, nasema zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kijiji cha Vumbwe, juu kabisa milimani Upare. Kijiji kizima kilikuwa na gari moja. Pikapu kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Sogeeni karibu, mimi sirudii.

Dereva wake aliitwa Elinami. Kuendesha alijua. Yaliyomo chini ya boneti hakuyajua, na hakupenda kuulizwa. Mkewe, Naelijwa, alikuwa na mimba ya kwanza. Asubuhi moja ya ukungu uchungu ukamshika. Mkunga akampapasa tumbo, akatoka nje uso umembadilika.

"Mtoto amelala upande," akasema. "Hapa nitawapoteza wote wawili. Hospitali, sasa hivi!"

Hospitali ilikuwa bondeni. Kwa gari, saa moja. Kwa machela, kutwa nzima, na kutwa nzima Naelijwa hakuwa nayo.

Wakampakia nyuma, juu ya godoro. Elinami akazungusha ufunguo. Ngri-ngri-ngri! Injini inazunguka, haiwaki. Akazungusha tena. Inazunguka, haiwaki. Wanaume wakalisukuma mpaka jasho likawatoka na baridi ile yote. Halikuwaka. Naelijwa akapiga kelele kule nyuma:

"Jamani! Atakayeliwasha gari hili, mtoto wangu ataitwa jina lake! Naapa mbele yenu wote!"

Hapo watu wakaguna. Pale Vumbwe jina si mchezo. Ukipewa mtoto wa jina lako, wewe ni mzazi wake kamili, na siku ukifa, jina lako linaendelea kuitwa uani. Usiyepewa mtoto wa jina lako, unasahauliwa. Na mjukuu wa kwanza wa kike ni wa bibi mzaa baba, hilo halina mjadala. Mama yake Elinami, Bibi Navoneiwa, alikuwa amesimama palepale. Alisikia kiapo.

Sasa, ng'ambo ya korongo aliishi Mbonea. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu hilo kabla ya Elinami. Kijiji kilimfukuza kwa ulevi, mbele za watu, naye akaapa kwamba gari lile hatalisemea neno hata likishika moto. Siku hiyo alikuwa kitandani, mguu umevunjika, dirisha wazi. Mara sauti yake ikavuka korongo:

"Elinami! Acha kusukumasukuma! Zungusha ufunguo, na hao watu wafunge midomo!"

Wakafunga midomo. Ngri-ngri-ngri.

"Betri nzima!" akaita Mbonea. "Harufu ya petroli mnaipata?"

"Tunaipata!"

"Basi petroli inafika. Kinachokosekana ni moto! Chomoa plagi moja, iache kwenye waya wake, iguse chuma, halafu zungusha. Inatoa cheche?"

Mtu yuko mlima wa pili, kalala chali, anampima mgonjwa kwa masikio! Wakafanya alivyosema. Plagi nyeusi, kimya, haina hata nukta ya mwanga.

"Haitoi!"

"Basi ule waya mnene wa koili, hilo kopo linalozaa moto! Uchomoe kwenye distributa, pale nyaya zote za plagi zinapokutana, ncha yake isogezwe karibu na chuma. Koleo la mpini wa mpira mnalo?"

"Hatuna!"

"Basi mtu aushike kwa mkono. Na aushike kweli!"

Nyie, wanaume walirudi nyuma! Waya ule ulikuwa na sifa ya kurusha watu. Elinami macho yalikuwa kwa mkewe, waya ukamponyoka mara mbili. Akajitokeza Nakunda, fundi cherehani, mwanamke mwembamba asiyewahi kugusa injini.

"Nipeni," akasema.

Akaushika. Ufunguo ukazungushwa, umeme ukamtupa chini, kiatu huku, yeye kule. Akaamka akilia machozi kabisa, akaushika tena. Na safari hii hakuuachia.

Cheche ikaruka. Ya buluu! Ta! Ta! Ta! Inatoka kwenye waya, inavuka hewani, inaingia kwenye chuma. Watu wazima wakashika vichwa. Miaka yote wamepanda pikapu lile kwenda mnadani, wamekalia magunia wakipiga soga, kumbe humo ndani kulikuwa na radi ndogo inayowabeba. Mkunga alipiga goti. Nami ningekuwepo, ningepiga.

"Ipo!" akapiga kelele Nakunda. "Ya buluu!"

"Basi koili nzima," akajibu Mbonea. "Moto unafia kwenye kifuniko cha distributa, hicho kikombe cheusi kinachougawa kwa plagi. Kina ufa?"

Elinami akakifungua, akakigeuza, akakipapasa.

"Hakina!"

Sauti ya ng'ambo ikaja, imepungua nguvu: "Basi kimekufa kwa uzee. Kipya kiko mjini."

Mjini ni siku mbili. Watu wakaanza kukata miti ya machela. Naelijwa alikuwa ameacha kupiga kelele, na ule ukimya wake uliwatisha kuliko kelele.

"Nililiosha."

Wakageuka. Ni Bibi Navoneiwa.

"Uliosha nini, mama?" Elinami akauliza.

"Gari. Jana jioni. Si chochote kitakachombeba mtoto mchanga lazima kioshwe? Kapu tunaosha, machela tunaosha. Nikasema, na gari. Nikafunua na boneti. Ndoo tatu, kwa sabuni. Sikutaka mjukuu wangu apande kwenye uchafu."

Kuna mtu alisonya, tena kwa nguvu. Elinami alimtazama mama yake kama hamjui. Lakini maneno yakapelekwa ng'ambo, na Mbonea akaruka kitandani na mguu wake mbovu:

"Maji! Kifuniko hakijafa, kimekunywa maji! Kikausheni mekoni, ndani kabisa, kila kitundu!"

Bibi Navoneiwa akakinyakua, akakimbia nacho jikoni, akachuchumaa kwenye moshi, anakausha kwa kanga aliyoivua mabegani, anapuliza, analia, anapuliza. Kikarudishwa. Elinami akazungusha ufunguo.

Vuuum!

Mtoto alizaliwa hospitalini salama, wa kike, na mama yake akapona. Siku ya kumtoa nje na kumpa jina, wakaja wote watatu waliolidai.

Mbonea, kwenye magongo yake, akasema: "Sina mtoto wala wa kusingiziwa. Nilimeza kiapo changu kwa ajili ya watu walionifukuza. Bila mimi mngekuwa mnasukuma mpaka leo."

Nakunda akaonyesha kiganja, kovu bado jekundu. "Wewe ulikuwa umelala, kaka yangu. Ulitoa maneno, mimi nilitoa mwili. Na mwisho ulisema kifuniko kimekufa. Ulikosea."

"Na wewe, mama," Mbonea akamgeukia Bibi Navoneiwa, "shikamoo yako naitoa, lakini gari ulilizima wewe. Unadaije jina kwa kuliwasha?"

Bibi akasema polepole: "Kweli nililizima. Lakini nyie mlikuwa mmeshalizika, mnakata miti. Hakuna aliyeniuliza. Ningenyamaza, aibu ningeiepuka, na jina hili lingekuwa langu kwa haki ya ubibi, kama mtoto angetoka mzima. Nilisema mbele ya kijiji kizima. Ninyi mlitafuta moto. Mimi ndiye niliyewaambia umezimwa na nini."

Naelijwa amemwinua mtoto. Kiapo ni kimoja, na jina ni moja. Uani watu wamejaa, mtoto anapepesa macho. Haya, nyie mliokunja mikono hapo, msinitazame mimi: je, kati ya hawa watatu, ni nani aliyestahili mtoto yule aitwe jina lake?