Maji ya Jumanne

Katika mtaa wa Kayole, mwaka wa 1994, hakuna aliyemsalimu Kageha. Alipopita, wanawake waliokuwa wakikatakata sukuma wiki walinyamaza kama redio iliyokatikiwa na umeme. Bintiye Ayuma, mtoto wa miaka saba, alikuwa ametoweka Jumanne moja ya Februari, na kesho yake maiti yake ikapatikana kwenye timbo la mawe. Muuaji hakujulikana. Mtaa haukungoja kujua. Ulisema ni wazazi.

Aliyeupa mtaa ulimi ni Gitonga, keateka, yaani mtunzaji, wa ploti ambamo familia ya Kageha ilipanga. Mwanzo alisimulia kwenye kibanda cha chai kwamba alimsikia Kageha akimkaripia mtoto. Baadaye makaripio yakawa mapigo. Kufikia Aprili alikuwa ameona, kwa macho yake mawili, maji mekundu yakitiririka kutoka mlangoni kwa Kageha hadi kwenye ngazi. Wasikilizaji walitikisa vichwa, wakaagiza chai nyingine.

Mwezi Juni hakimu aliketi kuchunguza kifo hicho. Kama angemwamini Gitonga, Kageha na mumewe Luseno wangeshtakiwa kwa mauaji, kosa la kitanzi, na kitinda mimba wao Patrobas angebaki yatima. Wakili hawakuwa naye.

"Tunyamaze tu, mama Ayuma," Luseno alinong'ona. "Mnyonge hana haki."

"Nimenyamaza miezi minne, baba. Mtoto wangu amezikwa. Mimi sizikwi nikiwa hai."

Gitonga alipomaliza ushahidi wake, akijipangusa mdomo kama mtu aliyetoka karamuni, hakimu alimwuliza Kageha kama alikuwa na swali. Kageha akasimama.

"Mzee Gitonga, hayo maji uliyaona siku gani?"

Kibandani hakuna aliyewahi kumwuliza siku. Gitonga akakohoa. "Jumanne. Jioni ile mtoto alipopotea."

"Yalikuwa mengi?"

"Mengi! Ndoo kwa ndoo! Ulideki mpaka ngazi zikateleza."

"Nilideki kwa maji gani, mzee?"

"Ya mfereji! Ulitaka yawe ya mvua?"

Mnong'ono ukapita viti vya nyuma. Wanawake wa Kayole waweza kusahau mengi, lakini wiki ambayo mifereji ilikauka hawaisahau. Teresiah, jirani wa mlango wa pili, ambaye hakuwa amemsemesha Kageha tangu mazishi, alisimama bila kuitwa.

"Ngai, Gitonga! Wiki hiyo nzima si tulipanga foleni kwa lori la maji la kanisa, kila nyumba mtungi mmoja? Si wewe uliyefunga tangi ukatuambia limebaki matope?"

"Mama, keti!" karani akafoka.

"Mwache," hakimu akasema. "Aapishwe."

Teresiah akaapa. Alieleza kwamba Jumanne hiyo asubuhi Kageha alibisha kwake akiomba kikombe cha maji ya kumpikia Ayuma uji. "Nilimpimia mwenyewe. Mheshimiwa, mwenye ndoo za kudeki haombi kikombe."

Wanawake wengine watano walifuata, na wote wakasema lile lile. Gitonga akarudishwa kizimbani, jasho likimtoka.

"Labda ilikuwa Jumatatu," akasema.

"Jumatatu mtoto alikuwa hai, mzee!" sauti ikapaa kutoka nyuma, na chumba kizima kikaguna.

Hakimu akainama mbele. "Uliyaona maji au hukuyaona?"

"Sikuyaona," Gitonga akasema, sauti ikiwa nyembamba kama uzi. "Watu walipenda nikisimulia."

Hakimu aliamua kwamba hapakuwa na ushahidi wowote dhidi ya wazazi, akaagiza polisi waanze upya kumsaka muuaji. Gitonga alipelekwa mahabusu kujibu kosa la kuapa uongo.

Nje, Teresiah alimkabili Kageha. "Mama Ayuma, hata mimi niliamini. Nisamehe."

"Kwanza nisalimu."

"Hujambo, dada?"

"Sijambo!" Kageha alijibu kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara, na wanawake wakampokea kwa vigelegele huku machozi yakiwatoka. Walimrudisha Kayole wakiwa wamemzunguka, naye akipita katikati ya mtaa kichwa juu, akiitikia salamu za kila mlango. Aliyemwua Ayuma alikuwa bado akisakwa, lakini uongo uliotamba Kayole miezi minne ulishindwa kuivuka Jumanne moja. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.