Kina cha Goti la Kiboko

Wanangu, kabla sijaanza, niungame jambo. Mwaka mmoja tulichagua mjumbe wa mtaa wetu, na jirani yangu akagombea. Mama yule aliifaa kazi ile, nami nilijua, lakini kura nikamnyima. Kisa? Nilisoma naye darasa moja na shule tukaiacha pamoja. Sasa yeye aitwe Mheshimiwa, mimi nibaki mimi? Mungu anisamehe. Jioni ile nilipiga magoti, sala ikanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Basi sikieni hadithi hii, nami naisikia pamoja nanyi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wana milango, majiko na majirani wa kugombana nao, palikuwa na mtaa wa wanyama wadogo kando ya bwawa. Humo aliishi Nguchiro, mwembamba, mwepesi, mwenye maneno yasiyokauka. Nyumba yake ilikuwa ndani ya kichuguu. Jirani yake, mlango kwa mlango, alikuwa Bi Kanga.

Kila mtaa ulipeleka mjumbe mmoja kwenye baraza kuu, ambako sheria zote za nchi zilitungwa. Mjumbe wao wa zamani alipofariki, minong'ono ikaanza.

"Safari hii twende na Bi Kanga," alisema Digidigi. "Kila asubuhi anawapeleka watoto wa mtaa mzima majini. Anaijua kiu yetu."

Nguchiro aliposikia, moyo ukamchoma chwiii! kama mafuta ya moto. Akaingia ndani, akamwambia mkewe, "Kanga? Kanga huyu huyu aliyekuja jana kuomba chumvi?"

"Kuomba chumvi si dhambi, Baba Watoto. Hata sisi tuliomba kwake juzi."

"Ndiyo hayo! Leo anaomba chumvi, kesho ninyanyuke nimsalimie Mheshimiwa? Thubutu!"

Akatoka, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kwa Digidigi akasema, "Hodi! Mmesikia anachosema Kanga? Eti akichaguliwa hatatusalimia tena. Eti sisi tunanuka vumbi."

"Ala! Kanga kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Kanga hakusema hivyo, wanangu. Nguchiro alilitunga mwenyewe. Lakini neno la wivu halihitaji miguu. Kufika adhuhuri, mtaa mzima ulikuwa umenuna. Panya alisema, "Na yale madoadoa yake anajiona kavaa vitenge!" Nungunungu naye akasema, "Tumekua naye, tumekula naye mchwa, leo atupande kichwani?"

"Basi tumchague nani?" Digidigi akauliza.

Nguchiro akawaza upesi. Akitaja mdogo mwenzao, wataanza kumwonea wivu huyo naye. "Tumchague Kiboko wa bwawa letu," akasema. "Yule ni mkubwa tangu kuzaliwa. Nani atamwonea wivu Kiboko?"

"Kweli!" wakaitikia wote. "Kiboko hatuumi moyo!"

Uchaguzi wa enzi hizo ulikuwa wa kupanga mstari. Kila mgombea anasimama, na wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Nyuma ya Kanga walisimama vifaranga wake tu, ambao hawakuwa na kura. Nyuma ya Kiboko walijipanga wote.

Kiboko akageuza shingo, asione kitu. "Mbona hakuna mtu?"

"Tupo, Mheshimiwa! Huku chini!"

"Wapi?"

"Huku, karibu na mkia! Usirudi nyuma, tafadhali!"

Kiboko akaenda barazani. Hakuwa mbaya, wanangu. Alitaka kuwafanyia wema waliomchagua. Akasimama mbele ya Nyati na Tembo akasema, "Waheshimiwa, maji ya pembeni mwa bwawa yamejaa matope. Watu wangu wanakunywa uchafu. Naomba sheria: kunywa pembeni ni marufuku. Kila mnyama aingie mpaka panapofika magotini, anywe maji safi."

"Magotini si mbali," akasema Tembo.

"Hata kidogo," akasema Nyati.

Ikapita, na kwa desturi ya baraza, aliyeileta sheria ndiye pekee awezaye kuifuta. Hondohondo, mpiga mbiu wa baraza, akaruka mtaa hadi mtaa, "Kwaa! Kwaa! Pembeni marufuku! Kunyweni magotini!" Mamba akawekwa ukingoni kuilinda sheria, naye aliifurahia sana kazi hiyo.

Lo! Panya alijaribu kufika magotini. Chubwi! Kama si Nungunungu kumnyooshea mwiba, angekuwa marehemu. Digidigi alinyoosha ulimi pembeni, Mamba akasema, "Karibu, mama," kwa sauti ambayo hakuna aliyetaka kuisikia tena.

Kiangazi kikakolea. Watoto wa Nguchiro walilamba umande alfajiri, na jua likitoka umande hakuna. Siku moja kitinda mimba wake hakuweza kuamka.

"Baba Watoto," alisema mkewe, "mtoto midomo imempasuka. Huyo uliyetuchagulia hana habari."

Nguchiro alitoka mbio, hata wivu wake wote aliuacha mlangoni kwa muda. Alimpata Kiboko majini, pua tu ikionekana.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba. Maji safi mnayaonaje?"

"Aa, tuyaache ya maji. Ya huko kwa Nyati umeyasikia?"

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Yapi?"

"Hapana, mimi mdogo, nisije nikachonganisha wakubwa."

"Sema, bwana!"

"Basi Nyati akirudi kwao hupigiwa vigelegele. Huimbiwa! Kisa, anaingia nyumba za wapiga kura wake, moja baada ya nyingine. Anakaa, anakula nao. Nasikia hata vichuguu huingia."

Kiboko akatoka majini, maji yakimwagika pwaaa! "Nyati? Yule wa pembe kama mtaimbo uliopinda? Anaimbiwa yeye, mimi niliyeleta maji safi siimbiwi?"

"Ndiyo dunia, Mheshimiwa."

"Nipeleke kwako! Sasa hivi!"

"Jua kali hili? Na kwangu padogo..."

"Nyati anaingia, mimi nishindwe?"

Njiani Nguchiro alimwita Hondohondo. "Njoo, mpiga mbiu, Mheshimiwa anatembelea wananchi. Usilikose hili."

Nyuma ya kichuguu palikuwa na shimo pana lililochimbwa zamani na muhanga, yule mla mchwa, likatokea sebuleni kwa Nguchiro. Kiboko akainama, akasukuma. Puu! Kichwa kikaingia mpaka nyuma ya masikio. Akasukuma tena ili aingie mabega, ng'o! Akavuta arudi nyuma, ng'o! Kichwa kiko sebuleni, mwili wote uko juani.

Ndani watoto walirudi ukutani. "Baba," mmoja akanong'ona, "sebule imejaa pua."

"Msalimieni mgeni. Huyu ndiye mjumbe wetu."

"Shikamoo, pua."

Kiboko akapepesa macho. Mara ya kwanza tangu achaguliwe, aliwaona waliomchagua. Akaona chungu kimegeuzwa juu chini. Akamwona kitinda mimba amelala kwenye majani, midomo imepasuka.

Lakini huko nje jua lilikuwa kazini. Ngozi ya kiboko bila maji haiwezi. Ikaanza kukakamaa, ikachomachoma.

"Mama wee! Mgongo! Nimwagieni maji!"

"Haraka, watoto," akasema Nguchiro, "chukueni kibuyu mkamchotee Mheshimiwa."

"Tukachote wapi, baba? Pembeni ni marufuku. Mamba yupo."

"Chukueni katikati!" akaguta Kiboko. "Ni magotini tu!"

"Ni goti la nani, Mheshimiwa?" akauliza mke wa Nguchiro, taratibu kabisa. Akamwinua mwanawe mdogo, akaushika mguu wake mwembamba kama njiti, akauweka mbele ya jicho la Kiboko. "Goti hili, au lako?"

Kiboko akautazama mguu ule. Alitazama mpaka akasahau kidogo mgongo wake.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

"Naifuta! Pembeni ruksa! Kila mnyama anywe anapofika!"

"Sema kwa sauti," akadakia Nguchiro, "mpiga mbiu yuko juu ya paa."

"NAIFUTAAA!" Kichuguu kikatikisika, udongo ukamwagika kwenye majivu. Hondohondo akaondoka, "Kwaa! Kwaa! Sheria imefutwa na mwenyewe! Pembeni ruksa!" Mamba akazama zake kwa hasira.

Mtaa mzima ukakimbilia ukingoni. Wakanywa, wakabeba, wakaja na vibuyu kumwagia Kiboko, na wengine wakalowesha udongo shingoni mwake, mpaka akachomoka, pwaa! akaanguka chali.

Alipopata pumzi akauliza, "Nguchiro, Nyati aliwahi kuingia kichuguu cha mtu?"

"Hakuwahi, Mheshimiwa. Nilikudanganya."

Kiboko akamwangalia sana. Kisha akasema, "Tafuteni mwingine. Mimi niachieni maji yangu," akaenda zake akichechemea.

Wakapanga mstari upya siku ileile. "Nguchiro! Nguchiro katuokoa!" Wakajipanga nyuma yake, Digidigi, Panya, Nungunungu, wote. Nguchiro akageuka, akaona mstari. Ni kitu alichokitamani maisha yake yote, na alikuwa nacho. Kule pembeni Kanga alisimama na vifaranga wake, hajamsema mtu.

Nguchiro akafungua mdomo ashukuru. Neno likakataa.

"Jamani," akasema, "yale ya kunuka vumbi, Kanga hakuyasema. Niliyatunga mimi."

"Ati nini?"

"Niliona wivu. Nilijua yeye anatujua. Nikaona heri atusemee asiyetujua, kuliko jirani yangu anizidi. Mwanangu nusura afe kwa hilo."

"Mwongo we!" Panya akapiga kelele. "Nusura nife mimi!"

Nguchiro akaondoka mbele ya mstari wake mwenyewe, akavuka uwanja mbele ya macho ya watu, akasimama nyuma ya Kanga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wengine wakiguna. Nungunungu akaenda nyumbani bila kumchagua mtu.

Kanga hakumkumbatia. Alisema tu, "Sogea kidogo, jirani, unamkanyaga mwanangu."

Na wivu wa Nguchiro uliisha? Hapana. Kila Kanga alipopita kwenda barazani, moyo ulimchoma. Lakini alimfungulia njia, akasema, "Kawaambie maji bado yako mbali na nyumba ya Digidigi."

Amnyimaye jirani kura kwa wivu hutungiwa sheria na asiyemjua.

Kesho mnachagua kiranja wa darasa lenu. Nawaomba, mchagueni yule anayezijua shida zenu, hata kama kumchagua kunawauma.